Mipaka ikifungwa ghafla: urudi nyumbani, ubaki ulipo, au upitie nchi ya tatu?

Machi 2020, korona ilipokuwa ikisambaa duniani, shemeji yangu alikuja Tanga kwa arobaini ya mama yake. Alikuwa na tiketi ya kurudi Dubai, mkataba wa kazi, na viza ya ukaazi iliyobakiza zaidi ya mwaka. Tarehe 19 ya mwezi huo Falme za Kiarabu zikazuia wakaazi waliokuwa nje wasiingie, hata wenye viza halali, na siku chache baadaye ndege za abiria zikasimama. Akajiandikisha kwenye Tawajudi, huduma ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa wakaazi waliokwama, akawa anaamka usiku wa manane kuangalia simu. Ruhusa ilipotoka ilikuwa mwezi wa saba, na kiti chake kazini kilishakaliwa na mtu mwingine.

Hakukosea popote. Karatasi zake zote zilikuwa sawa. Alichokuwa hakijui, na wengi wetu hatukukijua, ni kwamba wakati wa janga viza hukuruhusu kubisha hodi tu. Kufunguliwa ni hiari ya mwenye nyumba. Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa swali moja na jamaa walio nje: ikitokea tena, nikimbilie nyumbani, nitulie nilipo, au nipitie nchi nyingine? Jibu hubadilika kwa kila mtu, lakini njia ya kulitafuta ni moja, na ni vyema kuitafuta sasa, kwa sababu siku yenyewe ikifika muda huwa hautoshi.

Muda wenyewe ulikuwa mfupi kiasi gani? Marekani ilitangaza usiku wa tarehe 11 Machi 2020 kwamba wageni waliokuwa Ulaya katika eneo la Schengen, yaani nchi zilizoondoleana ukaguzi wa mipakani, hawataingia, na katazo likaanza usiku wa tarehe 13. Kenya ilitangaza tarehe 22 Machi kwamba ndege za abiria kutoka nje zitasimama tarehe 25. Uingereza ilipoziongeza Falme za Kiarabu kwenye orodha ya marufuku Januari 2021, tangazo lilitoka siku moja na katazo likaanza kesho yake saa saba mchana. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura tarehe 30 Januari 2020 halikushauri nchi zizuie safari. Nchi zilizuia vilevile. Kwa hiyo usipange kwa kulisikiliza shirika hilo la Geneva peke yake. Msikilize waziri wa nchi unayotaka kuingia.

Neno moja la kutuliza moyo: si kila mlipuko hufunga mipaka. Ebola ilipozuka Uganda mwaka 2022, na Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, ilipozuka Rwanda mwaka 2024, Marekani haikuwafungia mlango wasafiri wa huko. Iliwapitisha kwenye viwanja vichache vilivyoteuliwa na kuwapima. Ukikurupuka kwa kila habari ya mlipuko utamaliza akiba yako kwa nauli.

Vigezo vya kupimia

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo manne. La kwanza ni haki ya kuingia: nani anakufungulia, na kwa karatasi ipi. La pili ni muda wa kibali: nini kinaisha wewe ukiwa umekwama. La tatu ni pesa, na hapa nauli ni sehemu ndogo tu. La nne ni afya na watu wako, maana mtu hasafiri peke yake hata akiwa na begi moja.

Njia ya kwanza: kurudi nyumbani mapema

Haki ya kuingia. Hapa ndipo raia ana nguvu kuliko popote. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ibara ya 12, unasema mtu hatanyimwa kiholela haki ya kuingia nchini mwake, na Katiba ya Kenya, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote nchini. Lakini haki bila ndege haikufikishi. Uganda ilifunga Entebbe mwishoni mwa Machi 2020 na haikufungua kwa safari za kawaida hadi tarehe 1 Oktoba. Waganda waliokuwa nje wakawa wanasubiri ndege maalumu za kuwarejesha. New Zealand iliwaruhusu raia wake kisheria, kisha ikawapanga kugombea vyumba vichache vya karantini, na baadaye nafasi kwenye foleni ya mtandaoni zikatolewa kwa bahati nasibu; Mahakama Kuu ya huko ikasema Aprili 2022 kwamba utaratibu huo uliwanyima baadhi ya watu haki yao bila sababu ya kutosha. Australia ilikwenda mbali zaidi: Mei 2021, kwa takriban wiki mbili, raia wake aliyejaribu kurudi kutoka India alikabiliwa na tishio la kifungo cha hadi miaka mitano. Pasipoti ya nyumbani ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote ulizonazo, ila inafanya kazi vizuri zaidi ndege zikiwa bado zinaruka. Tanzania yenyewe ilisimamisha ndege za kimataifa tarehe 12 Aprili 2020 na kufungua anga tarehe 18 Mei. Hiyo ilikuwa wiki tano tu. Majirani walikaa miezi.

Muda wa kibali. Huu ndio upande unaouma wa kurudi nyumbani. Unapotoka, saa ya kibali chako huko ulikotoka inaendelea kutembea. Katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, kawaida ukikaa nje zaidi ya miezi sita ukaazi wako unaanguka. Oman ilisimamisha ndege za abiria mwishoni mwa Machi 2020 na kuzirudisha tarehe 1 Oktoba; hesabu mwenyewe hiyo ni miezi mingapi. Wanafunzi waliokuwa China waliumia kuliko wote. China ilifunga mlango kwa wageni tarehe 28 Machi 2020, wakiwemo wenye vibali halali vya ukaazi, na wanafunzi wengi hawakuweza kuomba kurudi hadi Agosti 2022. Vijana waliokuja Dar na Nairobi kwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina walimalizia shahada kwenye simu. Kipindi cha saa mbili asubuhi Beijing huku ni saa tisa usiku. Nawajua waliosomea udaktari hivyo, bila kumgusa mgonjwa, na bado nikiwakumbuka nawaonea uchungu.

Pesa. Nauli ya dakika za mwisho unaiona. Usichokiona ni kilicho baada ya kutua. Machi 2020 Kenya ilimweka kila aliyeshuka kwenye karantini ya lazima kwa gharama zake, na vituo vilipopata wagonjwa, siku 14 zikaongezwa nyingine 14. Tanzania nayo iliwataka waliotoka nchi zenye maambukizi wakae siku 14 kwa gharama zao. Kisha kuna kufika kwenyewe. Kuanzia tarehe 6 Aprili kutoka na kuingia Nairobi kulizuiwa, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Mtu wa Kisumu aliyemaliza karantini Nairobi alikuwa amerudi nchini lakini hajafika kwao. Weka akiba ya mwezi mzima baada ya kutua, si ya teksi tu.

Afya na watu wako. Unakuwa karibu na wanaokupenda, na ukiugua kuna wa kukuletea uji. Upande wa pili, ni wewe unayetoka kwenye viwanja vya ndege na kuingia nyumba yenye bibi wa miaka themanini. Ukirudi kwenu, panga chumba cha kujitenga kabla ya kupanga zawadi.

Inamfaa asiyeacha kitu kinachoharibika nyuma yake: mtalii, aliye ziarani kwa ndugu, aliyemaliza mkataba, na yeyote ambaye kibali chake kilikuwa kinakaribia kuisha kabla hata ya janga.

Njia ya pili: kubaki ulipo

Haki ya kuingia. Faida kubwa ya kubaki ni kwamba hakuna mlango wa kubisha. Uko ndani tayari, na makatazo mengi ya 2020 yaliwalenga walio nje. Lakini kuwa ndani hakukuhakikishii kupokelewa. Aprili 2020, mjini Guangzhou, Waafrika wengi wenye viza halali na kodi iliyolipwa walitolewa kwenye nyumba na hoteli walimokuwa wakiishi, wengine wakalala barabarani, wakati ubaguzi ulipojivika vazi la kudhibiti ugonjwa. Serikali za Afrika zililalamika rasmi. Ukichagua kubaki, jiulize: nikifukuzwa kwenye chumba hiki leo usiku, nani atanifungulia? Kama huna jina la mtu wa kutaja, anza kulitafuta leo.

Muda wa kibali. Nchi kadhaa ziliongeza muda kwa waliokwama, na hili liliwaokoa wengi. Uingereza iliwaongezea watu ambao ruhusa yao ya kukaa iliisha baada ya tarehe 24 Januari 2020 na hawakuweza kuondoka, mwisho ukawa tarehe 31 Julai. Falme za Kiarabu zilisema viza na ukaazi ulioisha baada ya tarehe 1 Machi 2020 utahesabiwa halali hadi mwisho wa Desemba. Halafu Julai ikafika na uamuzi ukabadilishwa, watu wakatakiwa kurekebisha karatasi zao mapema kuliko walivyoahidiwa. Kwa hiyo nyongeza ya muda ni ya kupumulia tu, usijenge juu yake. Omba kibali kipya dirisha linapofunguliwa, na hifadhi kila tangazo la serikali: picha ya ukurasa yenye tarehe, barua pepe, namba ya maombi. Miaka mitatu baadaye ofisa wa ubalozi wa nchi nyingine anaweza kukuuliza kwa nini ulizidisha siku mwaka 2020, na hapo kumbukumbu ya kichwani haitakusaidia.

Pesa. Kubaki ni nafuu kama mshahara unaendelea. Ukikatika, hakuna njia iliyo ghali zaidi. Katika nchi za Ghuba kazi na ukaazi vimefungwa kamba moja: ukipoteza kazi, saa ya kuondoka inaanza kuhesabu, na pengine ndege za kuondokea hazipo. Kodi ya nyumba hailali. Nyumbani nako wanaokutegemea hawaachi kula kwa sababu wewe umekwama, na mara nyingi hawajui hali yako kwa sababu hujawaambia. Waambie mapema.

Afya na watu wako. Mkaazi kwa kawaida anapata huduma ambazo mgeni hapati. Uingereza ilitoa chanjo bure kwa kila aliyekuwa ndani ya nchi, hata asiye na karatasi. Angalia bima yako kwa makini: bima nyingi za safari zina kipengele kinachotoa nje magonjwa ya mlipuko, na bima ya mwajiri hufa siku kazi inapokufa. Lakini gharama ya kubaki ambayo haiandikwi popote ni misiba. Watu walizika wazazi wao kupitia WhatsApp, simu imeshikwa na binamu asiyejua kuielekeza kamera, mtandao ukikatika wakati wa dua. Mwenye kubaki aamue akijua kwamba hilo linaweza kumfika.

Inamfaa mwenye kazi inayoendelea, mwanafunzi aliye katikati ya kozi ya vitendo, mwenye watoto shuleni huko, na mwenye ukaazi uliomgharimu miaka kuupata.

Njia ya tatu: kupitia nchi nyingine

Haki ya kuingia. Makatazo mengi yaliangalia ulikokuwa siku za karibuni, si pasipoti yako. Marekani ilimzuia mgeni aliyekuwa kwenye nchi zilizotajwa ndani ya siku 14. Uingereza, kwa nchi za orodha nyekundu, yaani ile ya marufuku, iliangalia siku 10. Kwa hiyo watu wa Ulaya na India walikaa wiki mbili Mexico, Serbia au kwingineko, kisha wakaingia Marekani kihalali. Njia hii ilikuwa halali na wengi iliwafikisha. Udhaifu wake ni kwamba unategemea serikali mbili zisibadilishe mawazo, badala ya moja.

Na zilibadilisha. Uturuki, waliyoitumia wengi kupumzikia kabla ya kuingia London, iliwekwa orodha nyekundu tarehe 12 Mei 2021 watu wakiwa bado wanahesabu siku zao huko. Njia ya Dubai kwenda Uingereza ilizimwa kwa tangazo la chini ya siku moja. Kwetu Afrika Mashariki kulikuwa na malipizi: Agosti 2020 Kenya ilipofungua anga bila Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizosamehewa karantini, Tanzania ikaizuia Kenya Airways, kisha mashirika mengine ya Kenya, mpaka katikati ya Septemba. Aliyepanga kutoka Dar kwenda Ulaya kupitia Nairobi alibaki na tiketi isiyo na ndege. Desemba 2021 Falme za Kiarabu zikawazuia abiria kutoka Kenya na Tanzania, na Januari 2022 Kenya ikajibu kwa kuzuia ndege za abiria kutoka huko. Kabla ya kuchagua nchi ya kupitia, tazama imegombana na nani hivi karibuni.

Muda wa kibali. Unahitaji viza inayokuruhusu kutoka uwanjani na kukaa siku zote hizo; viza ya kubadilisha ndege haitoshi. Ongeza siku za ziada, kwa sababu kipimo kikirudi na majibu mabaya utaanza kuhesabu upya. Vipimo navyo vilikuwa na umri wake: Kenya ilitaka cha PCR, yaani cha maabara, kisichozidi saa 96, na Tanzania, kuanzia Mei 2021, kisichozidi saa 72 pamoja na cha haraka uwanjani. Ndege ikichelewa nchi ya katikati, cheti chako kinaweza kufa ukiwa umekaa kwenye kiti cha kusubiria.

Pesa. Piga hesabu ya malazi mara mbili, vipimo mara mbili au zaidi, na tiketi mbili ambazo mara nyingi haziunganishwi, yaani ya kwanza ikifutwa, ya pili hairudishwi. Ilinganishe na kile unachokikimbia. Karantini ya hotelini Uingereza ilianza Februari 2021 kwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja kwa siku 10, na Agosti ikapanda hadi pauni 2,285. Tanzania ilikuwa upande wa waliozuiwa tangu Januari 2021, na Kenya ikaongezwa Aprili. Kwa familia ya watu wanne, wiki mbili katika nchi ya tatu zilikuwa nafuu kweli. Kwa mtu mmoja, mara nyingi tofauti iliyeyuka kwenye nauli.

Afya na watu wako. Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Ukiugua huko huna ndugu, huna bima ya mkaazi, na pengine huna lugha. Kuna na wajibu ambao sitaki kuupitia juu juu: usifiche ulikotoka kwenye fomu, na usinunue cheti cha kipimo. Mwenye cheti cha kununua alikaa ndani ya ndege pamoja na watoto wa watu, na kila cheti cha uongo kilichokamatwa kiliongeza ukali kwa msafiri mwaminifu aliyefuata nyuma yake.

Inamfaa mwenye tarehe isiyosogezeka upande wa pili, mwenye akiba ya kupoteza tiketi moja, asiye na ugonjwa wa kudumu, na asiyesafiri na watoto wadogo.

Kwa hali yako

Kama uko nje kwa viza ya matembezi, rudi. Huna cha kulinda huko, na kila wiki unayosubiri inapunguza ndege.

Kama ni mwanafunzi, uliza chuo kwa maandishi mambo mawili: kama masomo ya mtandaoni yatatambuliwa na bodi ya taaluma yako nyumbani, na kibali chako kitatunzwaje ukiwa nje. Majibu yakiwa ya kubabaisha na kozi yako ni ya maabara au wodi, baki kama una chumba na chakula. Kozi ikiwa ya vitabu na mwaka ndiyo kwanza unaanza, nyumbani ni nafuu.

Kama unafanya kazi Ghuba, usitoke kwa likizo mlipuko ukiwa unapanda, hata bosi akikuhimiza utumie siku zako. Akilazimisha, muombe barua inayosema kazi yako inakusubiri na kwamba atashughulikia ruhusa yako ya kurejea. Mkataba ukiwa umekwisha na hakuna dalili ya mpya, tumia tiketi ya mwisho wa mkataba mapema.

Kama ni mfanyabiashara wa kufuata mzigo Guangzhou au Istanbul, hujaondoka bado, na hiyo ni bahati yako. Ahirisha. Mizigo iliendelea kusafiri wakati abiria wamezuiwa, hata mipakani kwetu malori yaliruhusiwa watu wa kawaida walipokatazwa. Wakala mwaminifu wa kununua na kusafirisha atakugharimu kamisheni, ambayo ni ndogo kuliko karantini mbili.

Kama familia yenu ina pasipoti tofauti, mathalani baba Mtanzania, mama Mkenya, mtoto aliyezaliwa Uingereza, kaeni chini kabla ya yote mwandike nani anaingia wapi bila kuomba. Nchi nyingi ziliwasamehe wenzi na watoto wa raia wao, lakini kwa cheti cha ndoa na cha kuzaliwa mkononi. Vyeti vilivyo sandukuni Moshi havitamsaidia aliyesimama Heathrow.

Na kama nyumbani kuna mzazi mgonjwa, hesabu inabadilika. Uliza kwanza kama utaweza kumfikia ndani ya siku zake, ukitoa siku za karantini na za vizuizi vya barabarani. Kama hutaweza, fedha ya safari inaweza kumfaa zaidi ikienda kwenye matibabu yake na kwa anayemuuguza. Kama utaweza, nenda, ukijua huenda usirudi kwenye kazi ileile. Nilimuuliza shemeji yangu mwaka jana kama angejua yatakayotokea angekuja kwenye arobaini ile. Akasema angekuja. Ila angeondoka Dubai na barua ya mwajiri mfukoni, na vyeti vyake vyote ndani ya begi la mkononi.